Soksi Zisizo na Matundu

"Nimeshasaini, Lorraine. Hata ukipiga kelele mpaka kesho, nimeshasaini."

"Umesaini fomu yangu, jikoni kwangu, kwa kalamu yangu."

"Jikoni kwetu. Na ni haki yangu. Si umeandika mwenyewe hapo juu? 'Mzazi yeyote, bila kutoa sababu.' Basi sitoi sababu."

Shaun akaisukuma karatasi juu ya meza. Ikapita kati ya pai ya nyama na bakuli la maharage, ikasimama mbele ya sahani yangu. Jina la mtoto: Robyn. Darasa: la Sita. Kisanduku kimetiwa alama kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Namtoa mwanangu katika somo la dini, ikiwemo ziara ya msikitini siku ya Alhamisi, saa za shule. Chini yake sahihi ya mume wangu, ile ile anayoweka kwenye hati za kazi zake za mapaa, kubwa, yenye mkia.

"Mimi ndiye ninayeandaa hiyo ziara," nikamwambia. "Mwaka wa saba huu. Unataka kesho niingie ofisini niiweke hii kwenye faili kwa mkono wangu?"

"Iweke. Si wewe ndiye karani?"

"Shaun, msikiti ule ni kanisa lenu la zamani. Babu yako alioa mle."

"Basi na hilo nalo wamelichukua."

"Wamelinunua! Lilikaa tupu miaka tisa, waumini wake walikuwa njiwa."

Robyn alikuwa anakula chipsi moja moja, macho yakihama kwangu na kwa baba yake. Ana miaka kumi. Amerithi pua yangu na ukaidi wa Shaun.

"Mimi mwenyewe sitaki kwenda," akasema. "Holly anasema wananuka mafuta ya kukaangia. Na tukifika sekondari Septemba watakuwa wanatungoja chooni na visu."

Shaun alichekea puani, akaacha aliponiangalia. Nilikuwa nimeweka uma chini. Maneno hayo niliwahi kuyasikia kwenye meza hii hii, kutoka kiti kile kile, miaka minane iliyopita. Siku hiyo nilimwambia mtoto amalize chakula chake, nikaendelea na yangu.

Mtoto huyo alikuwa Kirsty, binti yetu mkubwa.

Netherclough ni mji mdogo uliokatwa na mfereji. Sisi tuko upande huu, wenzetu wa Kipakistani wako upande ule, na daraja unalivuka kwa dakika mbili. Kila upande una shule yake ya msingi, duka lake la chipsi, mtu wake wa kukata nywele. Watoto huja kukutana wakiwa na miaka kumi na mmoja, kwenye basi la sekondari, na wakati huo kila mmoja ameshafundishwa nyumbani kila kitu kuhusu mwenzake.

Kirsty akiwa na miaka kumi na mitatu alimvua msichana hijabu kwenye basi hilo, akaitupa dirishani. Rafiki zake walipiga picha za video. Kabla ya chakula cha jioni mji mzima ulikuwa umeshaona binti yangu anavyocheka. Akafukuzwa shule, na kwenye sekondari nyingine hakudumu. Sasa ana miaka ishirini na mmoja, anafungasha vifurushi kwenye ghala kule barabara kuu, anaishi kwa rafiki yake, na kwangu huja Krismasi tu.

Wakati ule nilimburuta mpaka nyumbani kwa yule msichana kuomba msamaha. Aliyefungua mlango alikuwa bibi yake, Shamim, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa. Nilianza hotuba yangu niliyoifanyia mazoezi njia nzima. Akanikatiza.

"Vueni viatu, muingie. Mlango wazi unapoteza joto."

Tulikunywa chai tamu kupita kiasi. Kirsty alitazama zulia muda wote. Tulipokuwa tunaondoka Shamim aliniambia, "Mwanao hanijui. Angekuwa ananijua, angeogopa kwamba nitamwona, na asingethubutu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoanzisha ziara. Nilimsumbua mwalimu mkuu mwaka mzima mpaka akakubali: kila mwaka, kabla darasa la Sita halijakwenda sekondari, linavuka daraja na kupokelewa msikitini na Shamim. Anawaonyesha mahali pa kunawia, anawaacha waulize maswali ya kipuuzi, anawalisha sambusa. Barua ya wazazi naiandika mimi, na kila mwaka ina mstari ule ule: Tafadhali mtoto avae soksi safi zisizo na matundu, maana viatu huvuliwa mlangoni. Watu wananitania kwa mstari huo mpaka sokoni.

Sasa niseme kuhusu fomu, maana kosa ni langu na sitaki kumbebesha mtu mwingine.

Sheria yetu inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto katika somo la dini, na hadaiwi sababu. Zamani wazazi wawili watatu kwa mwaka waliniletea vikaratasi vya ajabu, kimoja kimeandikwa nyuma ya bahasha, kingine nyuma ya kadi ya siku ya kuzaliwa. Mimi nina diploma ya uendeshaji wa ofisi. Vikaratasi vya namna ile vinanikera. Nikatunga fomu: jina, darasa, kisanduku, sahihi. Nzuri, ukurasa mmoja, dakika moja. Na mwaka huu, baada ya vijana wasiojulikana kuvunja madirisha ya msikiti mwezi uliopita, nikamwambia mwalimu mkuu tuwe wawazi, kila mzazi ajue haki yake asije akasema tumemficha. Nikaibana ile fomu kwa pini nyuma ya barua ya ziara. Nakala ishirini na tisa.

Mpaka Jumanne ile Shaun aliposaini, nilikuwa nimeshapokea kumi na sita. Yake ikawa ya kumi na saba.

*

Jumatano asubuhi zilikuja nne zaidi. Nilisimama getini mvua ikinyesha, nikazipokea kama mtu anayepokea kofi baada ya kofi. Ya mwisho ililetwa na Donna, mama yake Holly, aliyeipiga picha fomu yangu na kuirusha kwenye kundi la wazazi kwenye simu.

"Usinikasirikie, mpenzi," Donna akasema. "Mwenyewe umetuletea. Imepangwa vizuri kweli, hata mimi nisiyependa makaratasi nimeijaza."

"Unaogopa nini, Donna? Sema ukweli."

"Siogopi. Sipendi tu."

"Hupendi nini? Umewahi kufika?"

"Sijawahi kufika gerezani pia, Lorraine." Akacheka, akamvuta Holly kofia ya koti. "Na soksi zake zote zina matundu."

Wenzake wawili walicheka naye. Nikaingia ndani, nikazihesabu tena fomu mezani kwangu. Ishirini na moja, pamoja na ya Shaun. Watoto wanane ndio waliobaki.

Bi Entwistle, mwalimu mkuu, alinikuta nazihesabu mara ya tatu. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka.

"Lorraine, nikipeleka wanane nabakiwa na ishirini na mmoja. Nahitaji watu wazima huko na watu wazima hapa. Sina."

"Nitakwenda mimi. Waweke hawa maktaba."

"Na nani akae maktaba? Mwalimu wa darasa anaumwa. Huyu wa muda hajui hata majina yao." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Na akirusha mtu jiwe wakiwa mle ndani? Wewe utawaambia nini wazazi wao?"

"Kwamba aliyerusha jiwe ni wa upande wetu."

"Ziara imeahirishwa, mpenzi. Naomba utume ujumbe kabla ya saa sita."

"Mpaka lini?"

Akavaa miwani, akatoka. Nikautuma ule ujumbe mimi mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Ziara ya Alhamisi imeahirishwa. Watoto waje na sare kama kawaida. Nilibonyeza, nikakaa nikiitazama simu ya mezani muda mrefu. Bado nilikuwa na mtu mmoja wa kumwambia, na huyo hayumo kwenye kundi la wazazi.

"Lorraine!" Shamim akapokea kabla haijalia mara mbili. "Nimekaanga sabini. Za viazi, nyama sijaweka, yule mtoto wa mwaka jana aliyelia nimemkumbuka."

"Shamim, imeahirishwa."

Nilisikia mafuta yanachemka kwake. Kisha akazima jiko.

"Nani kaahirisha?"

"Mwalimu mkuu. Wazazi wamewatoa watoto. Ishirini na mmoja."

"Ishirini na mmoja," akarudia polepole. "Wewe unajua nimegombana na nani kwa ajili ya Alhamisi hii? Wazee wote wa kamati. Baada ya yale madirisha walisema basi, shule zisije tena, tukipata lawama nyingine tutaipeleka wapi? Nikawaambia nipeni moja tu. Muje mkae wenyewe muone watoto wanavyouliza maswali. Wakakubali. Wakasema, wakija, tunaendelea. Wasipokuja, Shamim, ndiyo mwisho, na usitusumbue."

"Najua."

"Hujui. Hawatanifokea. Watanihurumia. Watasema maskini, aliwaamini."

Nikazigeuza zile fomu uso chini. Mimi huwa na la kusema kila mara, hata pasipohitajika.

"Na binti yako mdogo?" akauliza. "Robyn? Yeye yumo kwenye wanane?"

Ningeweza kudanganya. "Hayumo. Baba yake amesaini."

Nilisikia akiweka mwiko chini.

"Basi usiwalaumu wengine, mwanangu," akasema, na akaikata yeye.

*

Mchana huo niliwapigia wazazi kumi na mmoja. Nilifanya hivyo wakati wa chakula, nikitafuna mkate wangu kati ya simu na simu. Wawili hawakupokea. Mmoja alinitukana. Mmoja alisema atafikiria, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Baba mmoja aliniuliza kama kuna ninachonufaika nacho. Mama mmoja alilia, akasema mumewe ndiye aliyesaini na yeye hana ubavu wa kubishana naye. Huyo nilimwelewa kuliko wote, na ndiye aliyenikasirisha kuliko wote.

Saa kumi na moja nilikuwa nje ya ghala la vifurushi, nimesimama karibu na mahali wafanyakazi wanapovutia sigara. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka Kirsty aongee na baba yake. Shaun humsikiliza Kirsty kwa sababu anaona aibu kwake, na aibu hiyo hajui aiweke wapi.

Alitoka amevaa koti la kung'aa, nywele amezifunga juu. Akaniona, akasimama.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka unisaidie kitu."

Nikamweleza pale pale. Alinisikiliza akiwasha sigara, akaizima, akaiwasha tena.

"Kwa hiyo unataka niende nimwambie baba kwamba mimi ndio mfano. Tazama Kirsty alivyoharibika."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo kwa miaka minane, mama. Kila mwaka ukiwapeleka hao watoto unasema hivyo. Mji mzima unajua ziara ile ni ya nini."

"Ulifanya kosa, Kirsty."

"Nilifanya. Nalijua kosa langu, naliona kila nikipanda basi." Akatoa moshi pembeni, mbali na uso wangu. "Lakini siku ile kwa yule bibi, aliyeomba msamaha ni wewe. Uliongea nusu saa nzima. Mimi nilikuwa na maneno yangu. Nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Hukunipa nafasi."

Nilitaka kumjibu. Nikakumbuka kile kiganja kilivyokuwa kimefungwa njia nzima, nikidhani ni kiburi.

"Robyn ameanza," nikasema. "Jana mezani. Maneno yale yale yako."

Hapo alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Maneno gani?"

"Mafuta ya kukaangia. Visu chooni."

Kirsty akaangusha sigara, akaikanyaga zaidi ya ilivyohitaji. "Kwa baba siendi," akasema. "Ataniambia pole, atanipa pai nile, halafu kesho asubuhi yuko vile vile. Na wewe acha kuhangaika na fomu na walimu. Shule! Mimi shuleni sikumgusa mtu. Kengele ilikuwa imeshalia. Mambo yote yalitokea baada ya kengele, hapo ambapo hakuna mwenye haki ya kukuuliza."

Basi lake likafika. Akapanda. Alikaa dirishani upande wangu, lakini alikuwa anaangalia simu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kilomita mbili. Nilipofika nikaitoa nakala ya fomu yangu kwenye mkoba, nikaisoma mstari kwa mstari kama vile imeandikwa na mtu nisiyempenda. Katika somo la dini, ikiwemo ziara, saa za shule. Niliyaongeza mwenyewe hayo maneno matatu ya mwisho miaka ile, kwa sababu napenda mambo yawe kamili.

*

Alhamisi asubuhi nilimpigia Shamim.

"Wazee waambie si saa nne. Ni saa tisa na nusu alasiri."

"Wangapi?"

"Sijui. Huenda niwe peke yangu."

"Peke yako wameshakuona," akasema. Lakini hakuikata.

Nilimwambia Bi Entwistle pia, maana sifanyi mambo kwa kificho. Nilimwambia kwamba kengele ikilia saa tisa na robo mimi si karani tena, ni mama ninayemchukua mtoto wangu, na kuna mahali nitapita naye. Alinitazama, akafunga mlango wa ofisi yake, akaufungua tena.

"Sijasikia ulichosema," akasema. "Na uchukue mfuko wa soksi. Uko kwenye droo yako ya chini, unanichukulia nafasi tangu Jumatatu."

Kila mwaka huweka soksi za akiba, jozi kumi na mbili, kwa watoto wanaokuja na matundu. Nikauchukua.

Kengele ikalia. Mvua ilikuwa imekata, lami inang'aa. Nikasimama juu ya ukuta mfupi wa geti, mimi na miaka yangu arobaini na sita, mfuko wa soksi mkononi.

"Jamani! Ziara ya shule haipo, mmepata ujumbe. Mimi navuka daraja sasa hivi na Robyn. Shamim anatungoja. Si saa za shule, fomu haihusiki, hakuna wa kumwomba ruhusa isipokuwa nafsi yako. Anayekuja aje."

Watu wakanitazama kama wanavyomtazama mlevi. Donna akasema kwa sauti, "Atauza na tiketi huyo," na wakacheka, wakaanza kuondoka, wengine wakiwashika watoto mkono kwa haraka kidogo. Nilihesabu migongo. Katika wale wanane ambao hawakuleta fomu, watano walipita mbele yangu wakiangalia viatu vyao.

Alibaki mama mmoja wa Kipolandi mwenye mapacha. Kisha Mzee Ogden, anayemchukua mjukuu wake kila siku, akaja taratibu na fimbo yake.

"Nilibatizwa mle," akasema. "Nataka nikaone wameifanyia nini sakafu. Ilikuwa mbao nzuri ile."

"Wameweka zulia, Mzee Ogden."

"Nilijua tu," akasema kwa masikitiko, lakini akabaki.

Hapo ndipo nilipoliona gari la Shaun, ngazi zake juu, limesimama upande wa pili wa barabara. Alikuwa ametoka kazini mapema. Mtu alikuwa ameshampigia simu, na sikuhitaji kuuliza nani. Akavuka akiwa na buti zake za kazi, akamshika Robyn begani.

"Twende nyumbani, malkia."

"Anakwenda na mimi," nikasema.

"Nimesaini."

"Umesaini saa za shule. Soma fomu."

"Usinichezee na makaratasi yako, Lorraine! Mimi ni baba yake."

"Na mimi ni mama yake. Tulimwacha Kirsty aende kwenye lile basi akiwa hajui kitu, wote wawili, wewe ukicheka na mimi nikimwambia amalize chakula. Sirudii."

Jina la Kirsty lilimpiga. Alikuwa mwekundu, akawa mweupe. Wazazi waliokuwa wameondoka walikuwa wamesimama tena.

"Mbele za watu," akasema kwa sauti ya chini. "Mbele za watu unamtaja." Akamwachia Robyn bega. "Sikiliza. Ukivuka daraja lile na mwanangu, leo silali nyumbani. Nakwenda kwa kaka yangu. Na usitegemee kwamba nitarudi."

Nimeishi na mwanamume huyu miaka ishirini na tatu. Huwa hasemi kitu kwa kutishia tu. Huwa anasema na anafanya, ndiyo sababu nilimpenda.

"Taulo safi ziko kabati la juu," nikamwambia. "Dawa yako ya presha iko karibu na birika. Usiisahau."

Robyn alikuwa anatutazama.

"Mama, sitaki mgombane. Mimi naweza tu kwenda nyumbani."

"Najua unaweza."

"Wakinifanya kitu?"

"Nitakushika mkono mpaka wewe mwenyewe uuachie."

Alimtazama baba yake. Shaun aligeuza uso, akaangalia ngazi zake. Nikamshika Robyn mkono, tukaanza kutembea, kwa sababu ningesubiri nusu dakika zaidi nisingeweza.

Daraja la mfereji lina mwinuko mdogo. Juu yake unaona pande zote mbili kwa pamoja, mapaa yetu na mapaa yao, huwezi kutofautisha. Nyuma yangu nilisikia fimbo ya Mzee Ogden, mapacha wakibishana kwa Kipolandi, na nyuma yao injini. Gari la Shaun lilikuwa linatufuata taratibu, hatua kwa hatua. Lilipofika juu ya daraja likasimama, likabaki pale injini ikinguruma. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitarudi.

Msikitini madirisha matatu yalikuwa bado yamezibwa kwa mbao. Mlango ulikuwa wazi. Shamim alikuwa kizingitini na sinia, na nyuma yake, kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa mstari, walikaa wazee wanne wa kamati, mikono juu ya magoti, kama watu waliokuja kusikiliza hukumu. Shamim alitazama nyuma yangu kuona wengine. Akatazama tena. Watoto wanne. Mmoja wa wazee alishusha pumzi kwa sauti, akaanza kuinuka kwenye kiti chake.

"Ndio hawa tu?" Shamim akaniuliza.

"Ndio hawa."

Nilifungua mdomo kuendelea, nieleze fomu, nieleze Bi Entwistle, niombe radhi kwa mji mzima. Nikakumbuka kiganja cha Kirsty. Nikafunga mdomo, nikamwangalia Robyn.

Robyn alimtazama yule mzee aliyekuwa ameshasimama nusu, akayatazama madirisha ya mbao.

"Soksi yangu ina tundu," akasema. "Sikujua kama nakuja."

Mzee akabaki pale pale, nusu amekaa, nusu amesimama.

"Vua viatu, uingie," Shamim akasema. "Mlango wazi unapoteza joto."

Nikapiga goti kizingitini, nikafungua mfuko wa soksi, nikaanza kumlegeza kamba za viatu. Ngurumo ya gari bado ilikuwa inasikika kutoka darajani. Kisha sikuisikia tena, na sikujua kama amezima injini au amekwenda. Nikamvua kiatu cha kwanza.